Pale mdogo anapoweza kusema "simama": mwongozo kamili kwa timu za kliniki za mifugo Mombasa

Kabatini kuna chupa mbili za zailazini, dawa ya kumtuliza mnyama. Moja ina miligramu 20 kwa kila mililita, nyingine ina 100. Mbwa wa kilo 10 aliyepangiwa miligramu 1 kwa kila kilo anahitaji nusu mililita ya ile ya kwanza. Nusu mililita hiyohiyo ikivutwa kutoka chupa ya pili, mbwa amepata miligramu 50 badala ya 10. Anayeiona lebo mara nyingi si daktari. Ni mhudumu aliyemshika mbwa, uso wake ukiwa karibu na bomba la sindano kuliko uso wa mtu mwingine yeyote chumbani. Je, atasema?

Mambo mawili huamua. La kwanza ni kama anaamini kwamba akisema hatafokewa, hatachekwa wala hatanyimwa zamu. Hilo ndilo huitwa usalama wa kisaikolojia. La pili ni kama daktari ataipa sauti hiyo uzito uleule ambao angempa daktari mwenzake aliyesoma naye na kutoka naye kwao. Hapo ndipo upendeleo fiche unapofanya kazi: hukumu ambayo akili huitoa upesi, kwa kufuata sura, jina, lafudhi au cheti, kabla mwenyewe hajajua kwamba amehukumu. Mambo haya hufundishwa kama mada mbili, katika semina mbili. Kazini ni kitu kimoja. Anayepuuzwa leo hunyamaza kesho, na akishanyamaza huonekana hana la kusema, basi hupuuzwa zaidi.

Amy Edmondson, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Harvard, alichapisha mwaka 1996 uchunguzi wake kuhusu makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Akakuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoandika makosa mengi zaidi, na maelezo yake ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyataja. Mwaka 1999 akachapisha utafiti wa timu 51 za kampuni moja ya viwandani, na hapo ndipo dhana ya usalama wa kisaikolojia ya timu ilipopata umbo linalotumika leo. Tuseme mapema kwamba hii si kudekezana. Mtu anaweza kuambiwa waziwazi kwamba kazi yake ni mbovu. Wala kumpa mhudumu nafasi ya kusema si kumkabidhi kisu: nani anaruhusiwa kufanya nini bado kunafuata sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuita mkutano

Usianze kwa hotuba. Anza kwa wiki moja ya kupima, na upime vitu viwili.

Kwanza, maswali matano kwenye karatasi, kila moja lijibiwe kwa alama kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa): Nikikosea hapa naweza kusema siku hiyohiyo. Nikimwona mkubwa anakosea naweza kumzuia. Nikiuliza swali la kijinga sichekwi. Ninachosema mkutanoni huchukuliwa kwa uzito. Zamu na mafunzo hugawanywa kwa haki. Katika kliniki ya watu sita, mwandiko unajulikana na hata rangi ya kalamu inajulikana. Kwa hiyo kalamu ziwe za aina moja, watu waweke alama tu bila kuandika maneno, na karatasi zikusanywe na mtu ambaye si mwenye kliniki wala jamaa yake. Usigawanye matokeo kwa vitengo vyenye watu chini ya watano, maana "mapokezi" ikiwa ni mtu mmoja, umemtaja. Wastani hudanganya: wastani wa 4 unaweza kuwa watano walioridhika na mmoja anayeteseka. Angalia alama ya chini kabisa.

Pili, faili. Chukua 40 za miezi mitatu iliyopita, za upasuaji na majeraha pekee. Kwa kila moja andika vitu vinne: mteja anatoka wapi, mnyama ni wa aina gani, alipewa dawa ya maumivu au la, na mteja aliandikiwa machaguo mangapi ya matibabu. Kisha linganisha. Ikiwa mbwa wa kizungu kutoka Nyali, mtaa wa wenye nacho, hurudi nyumbani na dawa ya maumivu ya siku tatu, na mbwa wa kienyeji kutoka Kisauni mwenye kidonda kama hicho harudi nayo, hapo hakuna haja ya mwalimu wa kuja kueleza upendeleo fiche ni nini. Faili 40 si nyingi za kuthibitisha jambo, ila zinatosha kuzua maswali.

Na lile jaribio la kompyuta la kupima upendeleo fiche kwa kasi ya kubonyeza vitufe, lililotolewa na Anthony Greenwald na wenzake mwaka 1998? Kwa mtafiti wa makundi makubwa lina maana. Kwa kumhukumu mfanyakazi mmoja halifai, na kliniki ndogo ni afadhali itumie fedha zake kununua mizani nzuri.

Hatua ya 2: Tafuta upendeleo pale unapokaa

Orodha za upendeleo zilizoandikwa kwa kliniki za Uingereza au Marekani hazitaji yanayotokea hapa. Haya ndiyo ya kutazama Mombasa.

Cheti na shahada. Mhudumu aliyekaa miaka mingi na punda wa mikokoteni ya Mji wa Kale humtambua punda mwenye msokoto wa tumbo kwa jinsi anavyosimama tu. Lakini ndiye huulizwa wa mwisho, au haulizwi. Tazama anayeitwa "Daktari", anayeitwa kwa jina, na anayeitwa "wee kijana" ilhali ana miaka 45.

Mwislamu na mbwa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kujitwaharisha kuna utaratibu wake. Makosa huja kwa pande mbili. Upande mmoja hudhani Amina hatataka kugusa mbwa, basi hapangiwi kamwe upasuaji wa mbwa, na baada ya miaka miwili anaambiwa hana uzoefu. Upande mwingine humlazimisha bila glovu, bila nguo za kubadilisha, dakika kumi kabla ya adhuhuri. Dawa ni kumuuliza kila mfanyakazi, wa dini yoyote, swali lilelile siku ya kwanza: "Kuna mnyama au kazi ambayo ungependa tuipangie utaratibu?" Kisha toa vitu vyenyewe: glovu za kutosha, nguo za kazi zinazobaki kliniki, bomba la maji na sehemu ya kubadilisha nguo, na ratiba inayoheshimu sala na saa ya kufuturu. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo, na wengine hawahitaji hata hayo.

Mwanamke na mnyama mkubwa. Ng'ombe hashindwi kwa misuli bali kwa kizimba cha kumbania, kamba iliyofungwa vizuri na utulivu. Katika kuzalisha mbuzi, mkono mwembamba ndio unaopita. Hata hivyo simu ya ng'ombe wa Jomvu ikipigwa, utaona funguo za gari zinaelekea kwa nani.

Ujauzito. Hili tukae nalo kidogo, kwa sababu hapa upendeleo hugeuka hatari ya mwili. Mahali ambapo wasichana husemwa kwamba "ukimwajiri tu atabeba mimba", mfanyakazi huficha mimba miezi minne. Katika miezi hiyo anashika wanyama wakati wa eksirei, anavuta hewa ya dawa ya usingizi, anasaidia mbuzi aliyetupa mimba ambaye pengine ana brusela, ugonjwa unaoambukiza binadamu, na anavuta sindano za prostaglandini za ng'ombe, dawa inayopenya kwenye ngozi na inayoweza kuharibu mimba. Wenye pumu nao wanapaswa kujiepusha nayo. Bandika orodha ya kazi hizi ukutani, ikiwa wazi kwa wote, pamoja na ahadi kwamba anayeomba kuondolewa kwenye mojawapo hatalazimika kutoa sababu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa msingi wa ujauzito, na vilevile dini, jinsia, kabila na ulemavu.

Pwani na bara. "Wapwani wavivu" na "wabara wakali" ni maneno ya utani chai ikinywewa. Yakiingia kwenye ratiba si utani tena. Hesabu nani amepewa zamu za usiku, nani ana funguo za kabati la dawa, nani hutumwa kupokea simu za wateja wenye hasira.

Dhana ya kwanza. Upendeleo haumgusi binadamu pekee. Hapa pwani kupe ni wengi, basi kila mbwa mwenye ufizi mweupe huambiwa ana homa ya kupe kabla damu haijatazamwa kwa darubini. Mbaya zaidi ni mbwa anayeletwa kinywa wazi, taya limelegea, mate yanatiririka. Mwenye mbwa anasema, "Amekwama na mfupa." Daktari anaamini na mkono unaingia kinywani. Hiyo ni mojawapo ya sura za kichaa cha mbwa. Kama aliye mapokezi hana uhuru wa kusema "Daktari, tusimguse kwanza, amechanjwa?", watu watatu wamejiweka hatarini kwa heshima tu.

Hatua ya 3: Geuza mpangilio wa kusema

Hili ndilo badiliko la bei rahisi kuliko yote, na ndilo lenye nguvu. Kila asubuhi, dakika 10, mkiwa mmesimama, kabla mlango haujafunguliwa. Wa kwanza kusema ni mwenye cheo cha chini, wa mwisho ni mwenye kliniki. Adabu zetu zinamtaka mdogo asimpinge mkubwa aliyekwisha kusema. Basi msimlazimishe kupinga: mpeni nafasi kabla mkubwa hajafungua kinywa. Kila mmoja ajibu mawili tu: nini jana kilikaribia kuharibika, na leo ana wasiwasi na mnyama gani.

Siku tatu za kwanza wote watasema "hakuna". Mkubwa asiwasukume. Yeye ndiye ataje lake, kosa dogo la kweli: "Jana nilisahau kumpima uzito yule paka, nikakadiria." Asichague kosa la kujisifu.

Anayedakia wenzake azuiwe na aliyepewa zamu ya kuongoza, na zamu hiyo izunguke kila wiki. Mawazo yakitolewa na mdogo kisha yakasemwa upya na mkubwa yakasifiwa, kiongozi wa zamu arudishe jambo kwa mwenyewe: "Hilo Kadzo alilisema."

Hatua ya 4: Maneno matatu ya kuzuia

Wakati wa hatari, upole wa lugha ya pwani unaweza kuua mnyama. "Samahani Daktari, sijui kama ni mimi tu, lakini naona kama vile hiyo chupa..." Sentensi haijaisha, sindano imeshaingia. Kubalianeni ngazi tatu, mziandike ukutani chumba cha upasuaji:

"Daktari, nina wasiwasi na..." (taja kitu, usitaje mtu).
"Daktari, sijaridhika, naomba tuangalie pamoja."
"Simama."

Neno la tatu likisemwa na yeyote, mikono yote inasimama isipokuwa ile iliyobana mshipa unaovuja damu. Halihitaji samahani na halina cheo. Marubani na timu za hospitali wana utaratibu wa namna hii: jambo hurudiwa mara mbili, lisipopokelewa hupandishwa ngazi.

Mafunzo ya aliyezuiwa ni muhimu kuliko ya mzuiaji, na hapa ndipo kliniki nyingi hukosea. Jibu ni moja, lililokaririwa: "Asante. Umeona nini?" Kisha angalia. Ikiwa mhudumu alikosea na chupa ilikuwa sahihi, jibu ni "Asante, ni ile ya 20, umefanya vizuri kuuliza." Kicheko kimoja, au kupandisha pumzi, au kumwangalia mwenzako kwa jicho la "huyu naye", na hutasikia neno tena mwaka mzima. Fanyeni mazoezi dakika 15 kila Jumatatu kwa mwezi: daktari ashike tone la kuua viroboto la mbwa lenye permethrini, sumu kwa paka, akielekea kwenye paka wa kuigiza, na mwenye cheo cha chini kabisa amzuie. Watacheka mara ya kwanza. Acheni wacheke.

Hatua ya 5: Vituo vitatu vya upasuaji

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, yenye vipengele 19 na vituo vitatu. Kwa wanyama chukueni mifupa yake. Kabla ya dawa ya usingizi: mnyama ni yupi, uzito umepimwa kwa mizani leo, dozi imehesabiwa na wawili kila mmoja peke yake, nguvu ya chupa imesomwa kwa sauti. Kabla ya kukata: kila aliyemo ataje jina lake na kazi yake, upande wa mwili utajwe, na kiongozi aulize "nani ana wasiwasi?" badala ya "kila kitu sawa?", kwa kuwa la pili lina jibu moja tu la adabu. Kabla ya kumwamsha mnyama na kumtoa chumbani: pamba zihesabiwe, sindano zihesabiwe, dawa ya maumivu itajwe kwa jina na dozi, awe paka wa mtaa au mbwa wa balozi.

Orodha isomwe na mtu asiye mpasuaji. Mpasuaji akiisoma mwenyewe, huisoma huku akikata.

Hatua ya 6: Daftari la makosa

Pwani tuna msemo "funika kombe mwanaharamu apite". Daftari hili ni la kufunua kombe. Liwe daftari la kawaida, mahali pa wazi, ukurasa mmoja kwa tukio: tarehe, nini kilitokea au kilikaribia kutokea, mnyama alipatwa na nini, nini kilirahisisha kosa (chupa kufanana, zamu ya pili mfululizo, simu kulia). Majina ya watu yasiwemo. Liandikwe ndani ya saa 24, wakati kumbukumbu ingali mbichi.

Kila wiki lisomwe, na kila tukio litengwe katika mafungu matatu. Mkono kuteleza: rekebisha mazingira, kwa mfano chupa ya 100 ihamishwe rafu nyingine na ifungwe utepe mwekundu. Kutojua: fundisha. Kukiuka kwa makusudi, kama kuja kazini amelewa au kuiba ketamini (dawa ya usingizi): hilo si la daftari, linakwenda kwenye nidhamu, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyakazi haki ya kuelezwa sababu na kusikilizwa akiwa na mwenzake kabla ya kuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Hapa pia upendeleo hujificha: kosa la ndugu wa mwenye kliniki huitwa kuteleza, la mwingine huitwa uzembe. Amueni fungu kabla ya kujua aliyehusika.

Jambo moja lisisubiri daftari. Mfanyakazi aking'atwa au kuchubuliwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kliniki ambamo kung'atwa huitwa "hujui kushika mbwa" ndizo ambamo watu huficha meno chini ya bendeji. Mahali hapo panahitaji sheria moja ya mdomo: aliyeng'atwa haulizwi kwa nini mpaka arudi kutoka hospitali.

Hatua ya 7: Ajira, zamu, mafunzo

Fupi. Maswali ya usaili yawe yaleyale kwa wote, kila msaili aandike alama kabla ya kujadiliana, na mtihani wa vitendo (kufunga mbwa mdomo, kuhesabu dozi mbili) uwe na uzito kuliko mazungumzo. Zamu na safari za mafunzo zihesabiwe kila robo mwaka kwa majina. Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kisheria, kifungu cha 6 cha sheria hiyohiyo, awe na taarifa ya sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Mwenye watano hatakiwi, lakini aandike ukurasa mmoja.

Hatua ya 8: Mteja anapoleta upendeleo wake

Mteja anampita daktari mwanamke na kumweleza mhudumu mwanamume shida ya ng'ombe. Mhudumu ana sentensi yake: "Daktari ni huyu, mimi namsaidia. Endelea kumweleza yeye, mzee." Kisha arudi nyuma hatua moja, kwa mwili hasa. Mteja akisema "nataka daktari mwanamume", mapokezi hujibu: "Daktari wa zamu ni Daktari Zuhura. Ukipenda kungoja zamu nyingine, ni kesho saa nne asubuhi." Msibadilishe daktari ili kumridhisha. Matusi ya kabila au dini yakitoka, mwenye kliniki ndiye atakayetoka kuongea, asimwachie aliyetukanwa. Mnyama aliye katika hatari atibiwe kwanza, mazungumzo yafuate.

Mahali panapokwama

Mwenye kliniki huanza kwa bidii, kisha msimu wa chanjo unafika na dakika 10 za asubuhi zinakufa. Ni afadhali dakika nne kila siku kuliko kumi za mara moja moja. Kwingine, alama za maswali hazirudishwi kwa waliozijaza. Zikikaa wiki mbili kimya, mara ya pili watu watajaza alama ya 5 kila mahali ili wamalize tu. Na kuna yule daktari hodari, mpasuaji bora kuliko wote, anayefoka. Mkiacha apite kwa sababu ya mikono yake, hatua zote nane zilizotangulia wafanyakazi watazisoma kama mapambo. Aambiwe faraghani, tabia itajwe kwa siku na saa, apewe wiki nne, na mwenye kliniki awepo chumba cha upasuaji katika wiki hizo.

Baada ya miezi mitatu rudieni maswali matano na faili nyingine 40. Tarajieni daftari la makosa liwe limejaa kuliko mwanzo. Mwenye kliniki asiyejua hilo huogopa na kulifunga. Daftari lililojaa vitu vidogovidogo, kama uzito uliokadiriwa, lebo iliyofutika, paka aliyekaribia kutoroka, linafanya kazi. Mkilikuta tupu mwezi wa tatu, ulizeni mlikuwa mkijibu nini waliposema.